Mzee Yuko Ndani, Anasali

Bukavu, 12 Mei 2025

Kaka yangu Atumani,

Amani ikufikie huko Kamituga, chini ya paa lolote unalolala, maana hata paa lenyewe hujaniambia ni la majani au la mabati. Sisi huku hatujambo. Kassim wangu amerefuka mpaka suruali zinamwishia katikati ya muundi, na nikimtuma dukani anarudi na maneno mengi kuliko vitu. Baba yake bado amekwama Uvira na hatujui barabara itafunguliwa lini. Nyota wako ana afya. Amefikisha miaka minane na meno mawili ya mbele yameota makubwa kama ya marehemu mama yake. Kila Ijumaa ananiuliza kama Papa ameandika, nami kila Ijumaa namdanganya kwamba barua iko njiani.

Naandika kwa kalamu kama watu wa zamani kwa sababu simu imekuwa mzigo. Tangu mji upate wenyewe wapya, kwenye kila barriere ya askari unaambiwa fungua simu tuone unaongea na nani, na ninyi wa Kamituga mko upande wa pili wa vita. Maman Apolline, yule anayepeleka chumvi, samaki na vitenge Mwenga hadi huko kwenu, amekubali kubeba karatasi zetu ndani ya mzigo wake. Ni mwanamke wa kuaminika, ila usimweleze siri, maana anapenda sana kuongea akishashiba.

Wiki iliyopita nilivuka ziwa kwenda kisiwani Idjwi kusafisha kaburi la Baba. Wajomba wamelizungushia miti, mbuzi hawaingii tena. Nilikaa pale peke yangu nikakumbuka ulivyoshuka shimoni kumpokea, mchanga mpaka kwenye nyusi, na jinsi tulivyorudi na mtumbwi wa mashine bila kusemezana. Nilikumbuka pia kwamba hakuna mtu aliyetoka nyumbani kwetu kwa safari, hata ya siku mbili, kabla Baba hajamwekea mkono kichwani na kumsomea Fatiha. Ulipoondoka wewe, Baba hakuwepo tena, nikakuwekea mkono mimi. Ukacheka, ukasema mkono wangu ni mwepesi mno, hauwezi kumlinda hata kuku.

Kile kikoi cha kijani nilichokupindia siku ile, bado unacho? Ulininunia kwa sababu ya yale mafundo ya uzi mwekundu kwenye kona, ukasema ni mapambo ya kike. Andika basi. Watoto wanataka niwapeleke Idi kwenye ile bustani ya sokwe iliyofunguliwa juu ya Mudaka, na mimi sina gari wala mwanamume wa kutupeleka.

Mdogo wako,
Nafisa


Kamituga, 29 Mei 2025

Mdogo wangu Nafisa,

Barua yako imefika ikinuka samaki wa Maman Apolline, na nimeisoma mara nyingi hata hivyo. Nisalimie Kassim, mwambie aache kurefuka, atanipita. Nisalimie wajomba ukivuka tena. Nyota mwambie Papa yuko hai na anakula vizuri.

Paa ni la mabati, ukitaka kujua. Nyumba ina vyumba vitatu na sakafu ya saruji, na mvua ikinyesha hatusikilizani. Kazi inakwenda. Ni dhahabu kidogo na vitu vidogo vidogo vinavyotoka porini, biashara kama biashara nyingine, usiniulize sana. Kile kikoi kilipotea njiani zamani, nisamehe. Nilikipenda, pamoja na mafundo yake.

Sasa nisikilize. Nimemkosa mtoto wangu mpaka nimechoka. Nataka aje akae nami likizo hii, na tukiona vema abaki asome hapa. Njia ni mbaya, lakini niko na mtu. Anaitwa Thierry. Kazi zote nafanya naye, au niseme mimi ndiye ninayefanya zake. Huyu mtu anapita kila mahali, upande huu na upande huo, na hakuna anayemuuliza kitu. Atakuwa Bukavu siku za Idi. Nimemwambia kuhusu bustani, na amesema atawapeleka ninyi wote na gari lake, watoto wamzoee, halafu baadaye arudi kumchukua Nyota. Ni yeye mwenyewe aliyejitolea. Mpokee vizuri. Hapendi kukataliwa, kama watu wakubwa wote, lakini kwangu amekuwa zaidi ya ndugu.

Mshonee Nyota nguo mpya ya Idi. Chagua rangi wewe.

Atumani


Bukavu, 10 Juni 2025

Kaka Atumani,

Idi njema, hata kama imekwisha. Tulisali salama, na nyama tulipata kwa jirani. Nyota alivaa gauni la njano nililomshonea, Kassim alivaa shati lake la zamani akalalamika mpaka alasiri. Maman Apolline anakusalimia, anasema ulikuwa umekonda. Nasema kwa nini mtu mwenye sakafu ya saruji akonde?

Bwana Thierry wako alikuja Idi pili, asubuhi, na jeep nyeupe. Hakuingia ndani, tulikutana barabarani kama ilivyo kwetu. Ni mtu msafi, ana sauti ya chini, na viatu vyake havikuwa na tope ingawa mtaa wote ulikuwa tope. Aliniuliza kama nyumbani kuna mwanamume. Nikamjibu vile Mama alivyotufundisha kuwajibu wageni, Baba awepo asiwepo, tangu tukiwa wadogo: "Muzee iko ndani, anasali." Akasema tumsalimie muzee. Unaona, hata leo ulimi wangu unasema vile wenyewe.

Kwenye barriere hatukuambiwa tushuke. Walimpungia mkono. Mimi niliyezoea kufunguliwa mpaka pochi, nilijisikia vibaya badala ya kujisikia vizuri, na sikujua kwa nini.

Bustani ni nzuri, siwezi kusema uongo. Nilidhani nitakuta vizimba kama nilivyoona kwenye picha. Hakuna. Ni kipande cha msitu kabisa, miti mikubwa, migomba, kijito kinachopita katikati, mawe ya kukalia. Kamba nene zimefungwa kutoka mti hadi mti. Kati yako na wao kuna mtaro wa maji na waya wa umeme uliofichwa ndani ya vichaka, huuoni mpaka uonyeshwe. Watu wanasimama juu ya jukwaa la mbao na kungoja. Tulingoja sana. Hakuna kilichotikisika. Watoto wengine wakaanza kulia kwamba wamedanganywa.

Nyota akanivuta. "Shangazi, beko pale. Beko natuangalia tangu tulifika."

Nikatazama alipoonyesha, nikaanza kuona jicho, halafu bega, halafu wengi, wamekaa kimya ndani ya majani. Kijana anayeongoza wageni, anaitwa Bisimwa, alisema hiyo si kawaida yao. Siku nyingine wakiona watu hupiga kelele, wanaruka, wanataka ndizi. Alirusha ndizi. Hakuna aliyeshuka. Sokwe mama mmoja aliwakusanya wadogo akapanda nao juu kabisa ya mti.

Halafu akatoka mmoja, jike mzima. Bisimwa alisema wanamwita Maman Mwenga kwa sababu aliletwa kutoka upande huo akiwa mtoto bado. Manyoya hayajaota kwenye vifundo vya mikono yake, ngozi iko wazi, imezunguka pande zote kama bangili. Alikuja polepole mpaka ukingoni mwa maji. Watu wakafurahi, wakatoa simu. Lakini hakuwa anatutazama sisi. Alikuwa anamtazama Bwana Thierry, aliyesimama nyuma yangu na mkono juu ya bega la Nyota.

Atumani, yule mnyama alikaa chini. Akaweka mikono yake pamoja, kifundo juu ya kifundo, akainyoosha mbele kuelekea kwake. Akainamisha kichwa na kungoja. Hakulia, hakukimbia. Alikuwa anangoja kufungwa, basi. Nimeona watu wakifanya hivyo mbele ya askari, na sikujua kwamba mnyama anaweza kujifunza.

Watu wakashusha simu zao. Bwana Thierry alicheka kidogo, akaniambia, "Usiogope, maman. Banyama banapenda kuiga batu." Lakini Nyota alikuwa amehisi mkono wake begani, na aliniambia baadaye kwamba ulikuwa umembana. Kisha Bwana Thierry akainama kwa mtoto, akamuuliza kwa ule upole wake, "Na weye, mu safari ya murefu, ukiambiwa unyamaze, utaweza?" Nyota akasema ataweza. "Mutoto muzuri," akasema, akaenda kuvuta sigara kwenye gari.

Haijaisha. Kabla ya kutoka kuna chumba wanachowaonyesha wageni, ukutani wametundika vitu walivyokutwa navyo wale sokwe: minyororo, waya, magunia. Bisimwa alieleza kwamba Maman Mwenga alikamatwa njiani ndani ya gunia la makala ya kupikia, watu wawili walikuwa naye kwenye pikipiki, wakaiacha wakakimbilia msituni. Alikuwa amefungwa mikono, na amefunikwa kwa nguo ambayo kwa muda mrefu alikataa kuiachia. Nguo hiyo imetundikwa hapo. Ni kikoi cha kijani. Kwenye kona kuna mafundo ya uzi mwekundu.

Pindo ni langu, kaka. Ningelijua hata gizani kwa vidole tu. Nilisimama pale na watoto wakinivuta twende.

Basi nakuuliza, na nataka unijibu kama ulivyokuwa ukimjibu Baba. Ulikuwa mmoja wa wale wawili? Na wa pili ni huyu unayetaka nimkabidhi mtoto?

Nafisa


Kamituga, 2 Julai 2025

Mdogo wangu Nafisa,

Idi njema na kwenu. Nashukuru kwa habari za nguo ya njano, ningependa kuiona. Mvua zimekwisha huku na vumbi limeanza, kila mtu anakohoa. Bei ya mchele imepanda kwa sababu pikipiki zinazuiwa njiani. Mwambie Kassim nitamtafutia shati. Mwambie baba yake, ukimpata, kwamba asijaribu njia ya milimani. Meno ya Nyota yataenea vizuri akikua, hata ya mama yake yalikuwa hivyo.

Kuhusu yule mnyama sina la kusema. Wanyama wanafanya mambo.

Kuhusu kikoi: kule milimani kuna baridi. Sitaandika zaidi ya hapo, na wewe usiandike zaidi ya hapo, tafadhali, si kwenye karatasi.

Kuhusu mtoto, nimekwisha kuahidi. Thierry amemwandalia chumba upande wa kwake, kina kitanda na dirisha la vioo. Nakueleza jambo ili uelewe. Mwezi uliopita nilimwambia kwamba nimechoka, nataka kurudi Bukavu tukauze vitambaa mimi na wewe kama zamani. Nilitegemea akasirike, lakini hakukasirika. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Leta mutoto kwanza. Mutu mwenye mutoto wake karibu hana haraka ya kuenda." Akanimiminia chai.

Kwa hiyo unaona ni mtu wa kufikiria mambo. Nikisema sasa kwamba mtoto haji, ataniuliza nani amenifundisha kutomwamini. Usinitie kwenye swali hilo.

Nyota akiwa na koti, limwekee kwenye mzigo.

Atumani


Bukavu, 14 Julai 2025

Kaka Atumani,

Tuko wazima, na salamu ziko nyingi, lakini leo nitazifupisha. Maman Apolline anangoja mlangoni na mzigo umekwisha fungwa.

Umeandika mwenyewe na hujasoma ulichoandika. Mtu unamwambia unataka kuondoka, anakujibu leta mtoto kwanza, na wewe unaniambia ni mtu wa kufikiria mambo. Chumba upande wa kwake, si upande wako! Atumani, mimi si msomi mkubwa, nimezaliwa dukani, lakini najua mtu anapoomba kitu kiwe mkononi mwake ndipo aendelee na mazungumzo.

Hukunijibu swali langu. Nimelielewa jibu lako, na sitakuuliza tena. Ulimfunika. Nimelishika hilo kila siku tangu barua yako ifike. Nakasirika, halafu nakumbuka kwamba ulimfunika na kikoi chako mwenyewe, nalia, halafu nakasirika tena kwa sababu ulimfunika na bado ulimfunga.

Nyota ameanza mchezo. Anakaa sakafuni, anaweka mikono yake pamoja, anainyoosha, ananiambia nimfunge na mtandio. Kassim akamfunga mara moja. Niliwachapa wote wawili, kisha nikawaomba msamaha. Nyota akasema, "Shangazi, nilitaka kujua ule alikuwa nangoja nini."

Bwana Thierry wako amepita dukani mara kadhaa. Hanunui. Anagusa vitambaa, anauliza mtoto yuko wapi, nasema yuko shuleni hata kama ni likizo, naye anatabasamu. Jana aliuliza muzee hajambo? Nikamwambia hajambo, anasali. Akasema muzee wetu anasali sana.

Nyota hatatoka hapa na mtu huyo. Ukimtaka mtoto wako, njoo mwenyewe, hata kwa miguu, hata bila viatu, na ukifika hapa hutaondoka tena. Mchele upo. Vitambaa vipo.

Nafisa


Bukavu, 20 Agosti 2025

Kaka Atumani,

Salamu za kila mtu ziwe juu yako. Nyota amepona homa. Kassim amevunja kiti. Hakuna jingine.

Maman Apolline amerudi mara mbili bila kitu kutoka kwako. Mara ya kwanza alisema hukuwepo. Mara ya pili alikuta watu wengine kwenye ile nyumba ya mabati, wakamwambia umehamia kwa Bwana Thierry na kwamba huna nafasi ya kuonana na wageni. Barua yangu waliichukua wao. Kuna kitu alichelewa kuniambia, na Maman Apolline kuchelewa kusema si tabia yake. Alisema alimwona kijana mmoja sokoni amevaa kofia yako, ile ya Baba, yenye doa la kahawa pembeni.

Kofia hiyo hukuwahi kuniazima hata mimi.

Nilikuandikia kwa ukali. Nayarudisha maneno yote makali, yawe hayakuandikwa. Pengine mimi hapa nasema hapana, na hapana yangu wewe ndiye unayeilipia, na hilo halinipi usingizi. Sijui tena lipi linakuua na lipi linakuponya. Basi niambie neno moja tu, kaka: nimpe, au nisimpe. Mtoto ni wako. Utakalosema nitalitii, naapa mbele ya Mungu.

Nafisa


Kamituga, 9 Septemba 2025

Mpendwa dada Nafisa,

Natumaini barua hii itakukuta katika afya njema wewe na familia yote. Mimi ni mzima. Kazi inaendelea vizuri. Bwana Thierry yuko hapa karibu yangu ninapoandika, anakusalimia sana na anakushukuru kwa siku ile ya bustani.

Nisalimie Baba. Mwambie asiache dawa zake, na asikae nje jioni, umri wake si wa kucheza na upepo wa ziwa. Namkumbuka kila siku. Kama anakasirika kwamba sijamwandikia, mwombee msamaha kwa niaba yangu.

Umeniuliza neno moja. Neno ni: mpe. Mimi ndimi baba yake na nimeamua. Bwana Thierry atafika kwako Jumapili ya mwisho ya mwezi huu kumchukua Nyota. Mwandalie nguo zake na usimcheleweshe.

Jambo moja tu nimemweleza Bwana Thierry, na kwa wema wake amelikubali, kwa sababu anaheshimu desturi za watu: kwetu mtoto hatoki kwa safari kabla Baba hajamwekea mkono kichwani. Kwa hiyo Nyota asitoke mpaka Baba amwekee mkono. Hata Bwana Thierry akiwa mlangoni, Baba kwanza.

Ulisema utatii. Mimi nategemea hilo.

Ndugu yako,
Atumani


Bukavu, 19 Septemba 2025

Kaka yangu Atumani,

Amani ya Mungu ikukute mahali ulipo, na imkute Bwana Thierry ambaye najua atasoma nawe. Kassim hajambo, amepata shati. Baba Kassim amepata njia, tutaonana naye karibuni. Maman Apolline ana kikohozi, lakini amekubali kuipeleka hii leo hii.

Nimesoma neno lako na nimelitii, kama nilivyoapa. Kama ulivyoagiza, Baba kwanza. Salamu zako nimempelekea mimi mwenyewe. Nilikaa naye mchana mzima, nikamsomea barua yako yote tangu juu mpaka chini, na sehemu ile ya dawa niliisoma mara mbili. Hakukasirika, kaka. Sijawahi kumwona akinisikiliza kwa utulivu kama siku ile. Usibaki na wasiwasi kwamba ana kinyongo na wewe.

Nyota nimempeleka kwake awekewe mkono, na yuko hukohuko. Baba anaishi palepale tulipomwacha, mimi na wewe. Majirani zake ni walewale, wanampenda mtoto, wanampa samaki na nanasi, na mbuzi hawaingii uani. Amevaa gauni lake la njano. Ule mchezo wake wa mikono ameusahau, sasa anatupa mawe majini siku nzima.

Namwomba radhi Bwana Thierry, asisumbuke kufika Jumapili. Duka nimelifunga kwa sababu mzee anahitaji mtu wa kumhudumia, na nyumbani hatakuta mtu. Baba ni mzee wa zamani na ana msimamo wake. Amesema mtoto hatatoka kwake na mtu mwingine yeyote, na mimi siwezi kubishana naye. Siku ya kumleta Nyota Kamituga atamleta yeye mwenyewe, kwa miguu yake. Hilo ndilo neno lake la mwisho, na mimi nimeridhika nalo.

Nakutumia kikoi kipya ndani ya mzigo wa chumvi, cha kijani. Kona nimeipinda kama ile ya zamani, uninunie ukipenda. Jifunike nacho wewe, kaka, safari hii usimpe mtu. Nakulilia kila nikikaa, na sioni aibu kuliandika hilo hata likisomwa na wengine.

Kabla sijaondoka kwa Baba nilimwomba akuwekee na wewe mkono, kwa mbali. Amekuwekea. Ule wangu ulikuwa mwepesi, nilijua hata siku ile ulipocheka. Huu ni wa kwake.

Mdogo wako,
Nafisa